Shule Jirani, Matokeo Mbalimbali: Utangulizi

Taaluma unayoingia ina swali ambalo halihitaji shahada ili kuulizwa. Mama mboga aliye pembeni mwa barabara kuu pale mjini Sultan Hamud analiuliza, utingo wa lori analiuliza, na chifu huulizwa kila anapoitisha baraza: kwa nini shule ile ya kule inapasisha watoto na hii yetu haipasishi, ilhali mtaala ni mmoja, walimu wameajiriwa na Tume moja ya Huduma za Walimu (TSC), na watoto wenyewe ni wa majirani? Tofauti kati yako na hao waulizaji ni kwamba wao wana jibu tayari. Wengi watakwambia ni mwalimu mkuu. Wengine watasema ni uzembe wa wazazi, au njaa, au siasa za bodi, na hawakosi wanaonong'ona kwamba shule ile ina njia zake za kuuona mtihani mapema. Sisi kazi yetu ni kuchelewa kujibu.

Tangu KCPE ya kwanza, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 1985 hadi ya mwisho mwaka 2023, jibu lilichukuliwa kuwa tarakimu moja tu: wastani wa shule. Tarakimu hiyo iliwafanya walimu wakuu wabebwe juujuu kwa nyimbo na vigelegele, au wakute lango la shule limefungwa kwa kufuli na wazazi wenye hasira. Mwaka 2014 Waziri wa Elimu Jacob Kaimenyi alipiga marufuku kupanga shule kwa nafasi. Magazeti yalikosa kurasa zao nono za mwisho wa mwaka, lakini orodha haikufa. Ilihamia kwenye simu. Walimu wakuu walijumlisha wenyewe, wakatumiana, na kufikia jioni kila mtu alijua nani yuko wapi.

Nitasema mapema ninachoamini, ili unaposoma kitabu hiki ujue nimeegemea wapi. Sehemu kubwa ya pengo lililoonyeshwa na orodha zile haikuwa kazi ya shule. Na pengo linalobaki ukishatoa yasiyo ya shule, dogo lakini la kweli, halizaliwi darasa la nane, ambako kila mtu alikwenda kulitafuta. Linazaliwa madarasa matatu ya kwanza, mahali ambapo orodha haikuwahi kufika.

Nimechagua Sultan Hamud na vijiji vinavyoizunguka kwa sababu ndani ya mwendo mfupi utakuta karibu kila kinachoisumbua taaluma yetu. Mji uko zaidi ya kilomita 100 kutoka Nairobi kwenye barabara ya Mombasa, katika kaunti ndogo ya Mukaa, Kaunti ya Makueni, na mpaka wa Kajiado hauko mbali. Jina ni la Sultani Hamud bin Mohammed wa Unguja, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, miaka ileile ambayo reli iliondoka Mombasa na kupita hapa ikielekea nyanda za juu. Kwa hiyo mji ni mtoto wa reli, na baadaye wa barabara: maduka, gereji, vyumba vya kulala wageni, malori yaliyoegeshwa, na watoto waliozaliwa na Wakamba, Wamaasai, Wakikuyu na Wasomali wakicheza pamoja kwa Kiswahili.

Lakini elimu ya kizungu haikuingia Makueni kwa reli. Wamisionari wa Africa Inland Mission wakiongozwa na Peter Cameron Scott walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui mwishoni mwa 1895, kisha Sakai, Kilungu na Kangundo. Reli ilifuata tambarare. Misheni ilipenda vilima, kwenye hewa, maji na watu wengi. Hata leo majina ya shule yanatangulizwa na herufi zinazosimulia historia hiyo: AIC, RC, DEB. Mbili za kwanza ni makanisa. Ya tatu ni bodi za elimu za wilaya za wakati wa ukoloni. Ukipanda upande wa Kilungu si ajabu kukutana na nyanya aliyesoma Biblia ya Kikamba akiwa msichana. Ukishuka tambarare, ambako sehemu nyingi zilikaliwa baadaye, mara nyingi mwanafunzi wa leo ni kizazi cha pili tu kuingia darasani. Hayo hayamo katika wastani wa shule, lakini yamo ndani ya mtoto anapofika siku ya kwanza.

Kisha kuna mvua. Ukambani mvua ya kutumainiwa ni ile fupi ya Oktoba hadi Disemba. Ile ya Machi hudanganya mara kwa mara. Maana yake ni kwamba muhula wa tatu, muhula wa mtihani, huanza wakati maji yako mbali zaidi na ghala limekaribia kwisha. Shule yenye tangi kubwa na sufuria ya muthokoi jikoni itakuwa na watoto darasani mwezi wa Septemba. Shule ambayo kila mtoto anatakiwa kuja na kibuyu chake cha maji itakuwa na madawati yenye nafasi. Ukiona shule hizi mbili zimetofautiana Novemba, usikimbilie kuwasifu au kuwalaumu walimu kabla hujauliza nani alijenga tangi na mwaka gani.

Tuingie sasa kwenye hesabu, na usiogope. Ni hesabu ya darasa la sita. Chukua shule mbili za kubuni. Moja iko mjini na ina watahiniwa 90. Nyingine iko ng'ambo ya mto mkavu na ina watahiniwa 14. Mwaka huu shule ndogo imebahatika kuwa na mtoto mmoja mwenye kipaji anayezoa alama 400 kati ya 500. Mwaka ujao kiti chake kinakaliwa na mwenzake anayepata 150. Mengine yote ni yale yale: walimu, vitabu, hata nyufa za ukuta. Wastani wa shule hiyo umeporomoka kwa karibu alama 18. Mjini badiliko lilo hilo lingeushusha wastani kwa chini ya alama 3. Alama 18 zinatosha kuitoa shule kileleni mwa orodha na kuitupa katikati, na hakuna mtu aliyefanya lolote, jema wala baya.

Matokeo yake ni jambo ambalo wanafunzi wangu hulikataa mpaka walione kwa macho: shule ndogo hujazana pande zote mbili za orodha, juu kabisa na chini kabisa, na shule kubwa hubaki katikati. Thomas Kane na Douglas Staiger walilionyesha hilo kwa kina mwaka 2002 kwa kutumia shule za Marekani. Huko kuna watu waliotazama juu ya orodha peke yake, wakaona shule ndogo zimesheheni, wakahitimisha kwamba udogo wa shule huleta ufaulu. Laiti wangeshusha macho hadi mkiani.

Hesabu hiyo ina tawi jingine lenye madhara zaidi kwa watu. Shule iliyopata mwaka mbaya kupita kawaida yake huelekea kupanda mwaka unaofuata hata isipoguswa, kwa sababu bahati mbaya haikai. Sasa fikiria mwalimu mkuu aliyefungiwa lango na kuhamishwa baada ya mwaka kama huo. Mrithi wake anaingia Januari, matokeo yanapanda Novemba, wazazi wanamchinjia mbuzi. Kila mtu ameshuhudia kwa macho yake kwamba dawa ya shule mbovu ni kumfukuza mkuu. Nchini Chile serikali ilianzisha mwaka 1990 mpango wa kuzisaidia shule 900 dhaifu zaidi, na zikaonekana kuinuka sana. Kenneth Chay, Patrick McEwan na Miguel Urquiola walipochambua takwimu hizo mwaka 2005 waligundua kuwa sehemu kubwa ya mwinuko ule ingetokea hata bila mpango. Kwa maoni yangu hili ndilo somo la kwanza ambalo kila afisa wa elimu angefundishwa kabla ya kukabidhiwa muhuri. Linaokoa kazi za watu.

Swali la pili baada ya "wangapi" ni "nani". Wastani ni wa waliofanya mtihani, na kufika kwenye dawati la mtihani ni safari yenye mchujo. Enzi za orodha, kulikuwa na shule zilizomkaririsha mtoto darasa la saba hadi akate tamaa, na nyingine zilizowasajili watoto dhaifu katika kituo kingine cha mtihani ili wasiharibu jina. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza kumkaririsha mtoto darasa, lakini mtoto anaweza kuondoka bila mtu kumfukuza. Wavulana wengine huitwa na mchanga wa mito na bodaboda. Wasichana wengine huitwa na kazi za nyumbani mjini, au mimba. Shule inayopoteza watoto wake dhaifu njiani inapanda orodha. Shule inayowafuata majumbani na kuwarudisha inashuka. Nijuavyo mimi, hakuna kipimo kingine cha kazi ya umma kinachomwadhibu mtu waziwazi hivi kwa kuifanya kazi yake.

Na kuna mchujo wa mlangoni. Serikali ya Mwai Kibaki ilipoondoa karo ya shule za msingi Januari 2003, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Wengi wanaukumbuka msongamano. Wachache wanakumbuka msafara wa upande wa pili: watafiti Tessa Bold, Mwangi Kimenyi, Germano Mwabu na Justin Sandefur walionyesha kwamba familia zenye uwezo zilianza kuhamisha watoto kwenda shule za kibinafsi. Kwenye miji ya barabarani kama huu wetu, akademi zilichipuka katika ploti za nyuma ya maduka, kila moja na sare yake yenye rangi kali na basi lake la njano. Akademi inayomfanyia mtoto usaili kabla ya kumpokea, halafu ikajisifu kwa wastani wake, imejisifu kwa usaili. Huenda inafundisha vizuri pia. Wastani hauwezi kukwambia, kwa maana kupima shule kwa wastani wa darasa la nane ni kama kumpima mtu uzani akiwa na gunia begani.

Wazo la kulitua gunia kwanza ndilo lililozaa taaluma hii. Mwaka 1966 James Coleman na wenzake walitoa ripoti iliyotokana na wanafunzi zaidi ya 600,000 wa Marekani. Ujumbe wake uliwashtua wengi: ukishajua mtoto ametoka nyumba gani, kujua anasoma shule gani hakukuongezei mengi. Ripoti ilisomwa vibaya, ikageuzwa kuwa shule hazina maana, na kwa zaidi ya muongo mmoja watafiti walihangaika kuijibu. Michael Rutter na wenzake waliijibu kwa shule 12 za sekondari za London mwaka 1979, Peter Mortimore na wenzake kwa shule 50 za msingi za mji huohuo mwaka 1988. Walifuata watoto tangu walipoingia na kupima walichoongezewa, wakaona shule kweli zinatofautiana, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko wazazi wanavyodhani. Mbinu za takwimu za kuchambua watoto waliomo darasani, madarasa yaliyomo shuleni na shule zilizomo wilayani, zote kwa pamoja, ziliendelezwa wakati huo na watu kama Harvey Goldstein. Sura ya nne inazifundisha taratibu.

Msomaji wa Afrika Mashariki asione hii ni hadithi ya ng'ambo tu. Jibu la mapema na lenye nguvu zaidi dhidi ya Coleman lilitoka Uganda. Stephen Heyneman alipima watoto wa shule za msingi huko mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kukuta kinyume: hali ya nyumbani ilieleza machache, na ubora wa shule, vitabu na walimu, ulieleza zaidi. Mwaka 1983, akishirikiana na William Loxley, alilipanua jambo hilo kwa nchi 29 na kuona kwamba kadiri nchi ilivyokuwa maskini ndivyo shule ilivyokuwa na uzito. Sababu inaeleweka. Kama karibu nyumba zote hazina kitabu, kilichopo shuleni ndicho kila kitu. Lakini mwaka 2002 David Baker na wenzake walirudia hesabu kwa takwimu mpya na kukuta uzito umehamia nyumbani hata katika nchi maskini. Mimi hilo halinishangazi. Makueni ya 1972 haikuwa na akademi, tuisheni wala simu ya baba yenye kamusi ndani yake. Matabaka yalikuwepo, ila hayakuwa na pa kununua alama.

Kenya nayo ilikuwa na maabara yake. Miaka ya 1970 Anthony Somerset alifanya kazi na kitengo cha mitihani hapa nchini, wakati huo mtihani wa kumaliza shule ya msingi ukiitwa CPE. Maswali ya kukariri yalipunguzwa, ya kufikiri yakaongezwa, na shule zikaanza kupelekewa jarida lililoeleza watoto walikosea wapi na kwa nini. Wilaya zikapangwa kwa nafasi. Mwanzoni pengo kati ya wilaya lilipanuka, kwa sababu waliokuwa mbele walikuwa wepesi kuzitumia habari mpya. Baada ya miaka michache baadhi ya wilaya za nyuma zilianza kufukuzia. Cha kukumbuka ni kwamba orodha ile ilisafiri na maelezo. Tulichokirithi sisi ni orodha bila jarida.

Kutoka hapo ruka hadi Busia, magharibi mwa Kenya, mwisho wa miaka ya 1990, kwa sababu huko ndiko tulikojifunza unyenyekevu. Paul Glewwe, Michael Kremer na wenzao walitaka kujua kama chati za ukutani huinua matokeo. Walipolinganisha shule zilizokuwa na chati na zisizokuwa nazo, chati zilionekana kufanya maajabu. Kisha wakafanya kwa kura: kati ya shule 178, nusu zikapewa chati. Matokeo hayakutofautiana. Shule zilizokuwa na chati tangu zamani zilikuwa na mengine mengi yasiyoonekana, pengine mkuu mwenye bidii au wazazi wenye kuchangia, na chati ilikuwa alama ya hayo tu. Tafadhali soma sura ya jaribio hilo mara mbili. Kila utakapokwenda shule inayoongoza kaunti ndogo utaona vitu: miche ya miti, kauli mbiu iliyopakwa ukutani, matayarisho ya saa kumi na moja alfajiri. Utashawishika kuviandika kuwa ndivyo sababu.

Jaribio jingine la Busia lilikuwa la vitabu vya kiada, na hili ndilo lililonigeuza mawazo. Vitabu viligawiwa kwa kura, na wastani haukusogea. Watoto waliokuwa mbele tayari ndio waliofaidika. Waliobaki hawakuweza kuvisoma, kwa kuwa vilikuwa vya Kiingereza na Kiingereza kwao kilikuwa lugha ya tatu. Baadaye Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walizipa shule 121 za magharibi mwa Kenya mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza; katika nusu ya shule hizo watoto wakagawanywa kwa kiwango chao cha awali cha masomo, katika nyingine wakagawanywa kwa kura. Waligundua kwamba kugawa kwa kiwango kuliwasaidia wa juu na wa chini, kwa sababu mwalimu aliweza kufundisha pale watoto walipo. Unganisha majaribio haya mawili utaona jambo ambalo orodha za shule zilificha kabisa: pengo kubwa mara nyingi halipo kati ya shule yako na ya jirani. Limekaa kwenye chumba kimoja, kati ya dawati la mbele na la nyuma.

Nenda ukajionee. Keti nyuma ya darasa la pili asubuhi, shule yoyote ya tambarare, na mwombe mwalimu ruhusa ya kumsikiliza mtoto akisoma. Atasimama, ashike kitabu kwa mikono miwili na kuusoma ukurasa mzima bila kujikwaa, sauti juu, kituo baada ya kituo. Mwambie afunge kitabu. Wengine wataendelea kusoma kitabu kikiwa kimefungwa. Kisha kifungue, weka kidole kwenye neno la katikati ya sentensi ya tatu, na umwombe asome hilo moja tu. Kimya. Mtoto huyo ameuhifadhi ukurasa kwa masikio kutoka kwa wenzake. Herufi hazimwambii kitu. Si mjinga, bali ni mwerevu aliyebuni namna ya kutogundulika, na anaweza kuendelea hivyo hadi darasa la tano. Watafiti wa mpango wa Uwezo walipoanza kupima watoto majumbani nchini Kenya kati ya 2009 na 2010, na wakarudia mwaka baada ya mwaka, walikuta takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliomudu kazi ya darasa la pili. Mpango wa kufundisha kusoma wa Tusome ulienea nchi nzima mwaka 2015 kwa ajili ya mtoto yuleyule aliyenyamaza.

Lugha inaingia hapa kwa mlango wa pembeni. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 sera inasema madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo. Vijijini upande wa Kasikeu hiyo ni Kikamba. Mjini Sultan Hamud ni Kiswahili. Basi mtoto wa mjini anaingia shule akiwa na mtaji wa Kiswahili alioupata bure kwa madereva na wachuuzi, na katika miaka ya mwisho ya KCPE Kiswahili kilikuwa mtihani mmoja kati ya mitano. Sehemu ya faida ya shule za mjini ilipatikana stendi.

Baada ya kuyaondoa haya yote, ni nini kinachobaki mkononi mwa shule? Nikilazimishwa kutaja kimoja, nitataja saa. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwanzoni mwa muongo uliopita ulikuta kwamba mtoto wa darasa la nne katika shule ya umma ya Kenya alipata zaidi ya saa moja pungufu ya kufundishwa kila siku kuliko mwenzake wa shule ya kibinafsi. Mara nyingi mwalimu hakuwa ametoroka. Alikuwa shuleni, nje ya darasa. Anasahihisha madaftari ofisini, anapokea wageni, anajaza fomu, au anashikilia madarasa mawili kwa sababu mwenzake amepelekwa semina. Shule ndogo huumia zaidi, kwa sababu hazina pesa za mwalimu wa ziada. Ruzuku ya elimu bila malipo, kwa kiwango kilichozoeleka cha shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, huipa shule ya watoto 900 shilingi 1,278,000, na shule ya watoto 120 shilingi 170,400, zikifika zote. Lakini kote lango ni moja, mlinzi ni mmoja. Pesa za kuajiri mwalimu wa bodi ya shule (BOM), yule kijana anayesubiri nafasi ya TSC, zinatoka mifukoni mwa wazazi, na wazazi wa tambarare huzitoa mvua ikinyesha.

Ukija Sultan Hamud kufanya kazi yako ya kwanza, usianze na orodha ya matokeo, hata ukiletewa. Omba rejista ya uandikishaji, lile buku kubwa lenye jina la kila mtoto na tarehe aliyoingia. Fuata kundi moja tangu darasa la kwanza, mwaka baada ya mwaka, kwenye madaftari ya mahudhurio, na kwa kila jina linalopotea muulize mwalimu wa darasa alikokwenda. Walimu wanajua. Mzee aliyestaafu na kubaki kijijini anajua zaidi, na ataudhika usipomwamkia ipasavyo kabla ya kutoa karatasi zako. Hesabu zote za sura zinazofuata zimejengwa juu ya kazi hii ya kufuata majina, na hakuna programu ya kompyuta itakayoifanya kwa niaba yako.

Sura za mwisho zinahusu zama hizi. Mtaala wa umilisi ulioanza kote nchini mwaka 2019 umeleta tathmini za kitaifa: KPSEA ya gredi ya sita tangu 2022 na KJSEA ya gredi ya tisa tangu 2025. Alama za kumpangia mtoto shule ya juu zinachanganywa: asilimia 20 za KPSEA, asilimia 20 za tathmini za walimu shuleni, na asilimia 60 za KJSEA. Hizo za walimu ni mtego mpya kwa watafiti, kwani mwalimu anayemtathmini mtoto ni yuleyule atakayehukumiwa kwa alama za mtoto. Tena sekondari msingi imewekwa ndani ya shule za msingi, na shule iliyokuwa na watahiniwa 14 sasa inaweza kuwa na gredi ya saba yenye watoto wachache tu, na pengine walimu wawili wa kuyabeba masomo yote. Niliyoyasema juu ya idadi ndogo yatakuwa na ukali maradufu huko.

Kama unatafuta mada ya tasnifu, iko moja inayongoja kabatini. Watoto walioingia darasa la kwanza mwaka 2015, Tusome ilipoanza, walifanya KCPE mwaka 2022. Walioingia 2016 ndio walioufunga ukurasa wa KCPE mwaka 2023. Katikati ya safari yao kuna corona, iliyofunga shule Machi 2020 na kuzifungua kwa wote Januari 2021, na itabidi uishughulikie. Maafisa wa mtaala waliwasikiliza baadhi ya watoto hao wakisoma wakiwa wadogo na kurekodi kwenye tableti. Alama zao za darasa la nane zimo ofisini mwa walimu wakuu. Oanisha hayo mawili, shule kwa shule, kutoka Salama hadi Emali, na utaweza kutazama kama shule zilizowafundisha watoto kusoma mapema ndizo zilizoongoza miaka saba baadaye. Nenda kabla makabati hayajasafishwa kupisha madawati ya gredi ya tisa.